Mama Victoire Kanyere: Miaka Thelathini ya Mizigo Iliyofika

Ijumaa tarehe 30 Agosti 2024, saa tisa alasiri, Mama Victoire Kanyere atarudisha ufunguo wa karakana yetu ya Mapendo. Atakuwa ametimiza miaka thelathini na wiki tatu za kazi katika shirika letu la Afya Milimani. Katika muda huo ameona wakurugenzi sita wakija na kuondoka, ameona volkano ya Nyiragongo ikitapika moto mara mbili, na amepita katika vita ambavyo hatutavihesabu hapa, maana hii ni karatasi ya furaha.

Kwa wenzetu wapya wanaomjua kama yule mama wa ovaroli ya buluu anayepiga kelele ukikanyaga waya zake, tueleze kazi yake. Pikipiki mpya ikifika kutoka kiwandani haina pa kuwekea hata mkate. Mama Victoire ndiye anayeivalisha: portebagaji ya chuma ya kubebea mizigo nyuma, masanduku mawili ya pembeni, sanduku la baridi la chanjo, bamba la kukinga injini isipasuliwe na mawe ya lava, vyuma vya kuizuia isilale kabisa ikianguka, kinga za mikono, taa za ukungu. Akishamaliza, pikipiki inaweza kupanda milima ya Masisi wakati wa mvua na kumfikishia mkunga vifaa vyake bila mkasi mmoja kupinda.

Alizaliwa Butembo, katika familia ya wafanyabiashara wa safari ndefu. Baba yake alipakia maharagwe na mafuta ya mawese kwenye malori ya kushuka Goma, na binti alikuwa akikaa kando akiangalia magunia yanavyopangwa. Mambo aliyojifunza hapo anatufundisha hadi leo kwa maneno yale yale ya mzee wake: muzigo muzito ukae chini, wa kuvunjika ukae katikati, na kamba isifungwe na mutu mwenye haraka.

Alivyoajiriwa ni kisa ambacho kila mmoja wetu anakisimulia kwa namna yake. Mimi nakiandika kama nilivyokisikia kwa Papa Darius, aliyekuwa dereva wetu wa kwanza. Ilikuwa mwaka 1994. Wakimbizi walikuwa wamevuka mpaka kwa maelfu na maelfu, kambi ya Kibumba ilikuwa imejaa, na kipindupindu kilikuwa kinaua. Afya Milimani ilikuwa na pikipiki mbili tu, na kazi yake ilikuwa kupeleka ndoo za klorini ya kusafishia maji. Kila siku ndoo moja ilidondoka njiani.

Mama Victoire alikuwa anauza mandazi mbele ya lango letu. Asubuhi moja alimtazama Papa Darius akifunga ndoo zake, akashindwa kunyamaza.

"Papa, ile muzigo itaanguka mbele ufike Majengo."

"Mama, uza mandazi yako," Papa Darius akamjibu.

Ilianguka kabla ya Majengo. Kesho yake Papa Darius alileta pikipiki mpaka kwenye beseni la mandazi, akazima injini, akasema, "Haya, mama. Funga weye." Ndoo zilifika Kibumba zote, na zikaendelea kufika siku zilizofuata. Jumatatu ya tarehe 8 Agosti shirika likamwajiri. Kwa kuwa kwenye orodha ya kazi hakukuwa na cheo cha mfungaji wa mizigo, karani alimwandika mpishi. Kwa miaka miwili mpishi wetu hakupika hata chai.

Kuchomelea chuma alifundishwa na marehemu Papa Cirimwami, fundi kutoka upande wa Bukavu, mtu wa maneno machache. Baada ya mwaka mmoja alimkabidhi miwani yake ya kuchomelea, akamwambia, "Mukono wangu unatetemeka, wako hautetemeke." Hotuba ya kumpandisha cheo ilikuwa hiyo tu.

Januari 2002, lava iliposhuka mjini, Mama Victoire alipakia mashine ya kuchomelea, jiwe la kunolea na sanduku la bolti kwenye pikipiki ya mwisho iliyobaki uani. Nyumbani kwake yaliungua magodoro manne. Majirani walipomshangaa, aliwaambia magodoro yanauzwa kila soko. Wiki tatu baadaye karakana ilikuwa inafanya kazi chini ya hema, juu ya jiwe ambalo bado lilikuwa vuguvugu. Mafundi walikuwa wakipashia viazi humo humo sakafuni.

Sasa nifike kwenye kisa ambacho yeye mwenyewe hapendi kisimuliwe. Ameniruhusu kwa sharti kwamba nisimfanye malaika.

Mwaka 2007 tulipata pikipiki tatu za aina ambayo hatukuwahi kuwa nayo: za safari ndefu, za ukubwa wa kati, ndefu kwa miguu ya wengi wetu, na zenye nguvu ya kupanda mlima na mtu na mzigo bila kulalamika. Zilikuja na masanduku yake ya alumini kutoka ng'ambo, yanayong'aa, mapana kama kabati. Sote tulizunguka pale tukiyapigapiga kwa vidole. Mama Victoire alichukua utepe wa kupimia. Upana wa usukani: sentimita themanini na mbili. Upana wa masanduku: mita moja na sentimita kumi na mbili. Akakunja utepe.

"Usukani unapita, dereva anazania naye amepita," alisema. "Kumbe sanduku ingali nyuma, inatafuta jiwe."

Aliomba atengeneze mengine. Papa Ferdinand, mkurugenzi wetu wa wakati huo, alikataa. Wafadhili walikuwa wametoa masanduku kwa moyo mzuri, na angewaambiaje kwamba tumeyatupa? Mama Victoire hakubishana. Alianza tu kufanya majaribio yake. Aliweka trei ya mayai thelathini ndani ya sanduku, akaendesha kutoka Mapendo mpaka Majengo na kurudi kupitia njia ya mawe, kisha akahesabu yaliyopona. Wenzetu wa zamani wanazikumbuka sana siku hizo, kwa sababu mayai yaliyovunjika yalikaangwa hapo hapo karakana, na idara zote zilijikuta zina shida ya kikazi inayozileta karakana. Wa kwanza kusogea na sahani alikuwa Papa Ferdinand.

Novemba 2008 vita vilikuwa vimefika Kibumba. Watu walikuwa wametelemka na watoto na mbuzi, wamelala kando ya barabara. Kutoka Kalengera, upande wa Rutshuru, muuguzi wetu Bénita alipiga simu: surua imeingia kwa watoto wa waliokimbia vita, mmoja amekwisha kufa, na friji yake haina chanjo. Gari lisingepita. Pikipiki ingeweza.

Papa Ferdinand akaamuru pikipiki itoke siku ile ile. Mama Victoire akamwomba siku mbili abadilishe masanduku, kwa maana njia kuu ilikuwa imefungwa na dereva angelazimika kupita kwenye vijia vya lava.

"Mama Victoire, batoto banakufa," Papa Ferdinand alisema.

"Minajua, Papa. Njo maana nataka dawa ifike."

Mkurugenzi ni mkurugenzi. Pikipiki ikatoka na masanduku yake mapana, na sanduku la chanjo likiwa limefungwa juu, nyuma kabisa. Dereva wa siku ile nilikuwa mimi, Élisée, ninayeandika karatasi hii.

Sikufika. Kabla ya Kibumba, katika kijia chembamba, usukani ulipita kati ya mawe mawili na moyo wangu ukatulia. Sanduku la kushoto likagonga. Pikipiki iligeuka kama mbuzi aliyevutwa mguu. Nilivunjika mtulinga, sanduku la chanjo lilipasuka, na vichupa vikamwagika juu ya mawe meusi. Nilirudishwa mjini juu ya chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kubebea mizigo, ya mzee mmoja aliyekuwa anatoroka na viazi vyake. Alinilaza juu ya magunia, akashuka nami mteremko wote akinikemea nisitikisike, nisije nikamwangushia viazi.

Jioni Mama Victoire alikuja hospitali. Nilitarajia anikumbushe kwamba alikuwa ametuonya. Aliniwekea uji mezani, akaniuliza kama maumivu yamepungua, kisha akavuta kiti karibu. Halafu akauliza:

"Ulianguka upande gani kwanza?"

"Kushoto."

"Sanduku iligusa kwanza, ao muguu?"

"Sanduku."

"Na ya chanjo, iliruka ao ilibaki na kamba?"

Nilimweleza yote, naye akaandika nyuma ya kadi yangu ya hospitali. Alipokuwa anatoka aligeuka mlangoni, akasema kosa ni lake, kwa sababu alijua na akaacha pikipiki itoke. Nilimkatalia. Nami hadi leo sijaacha kujiuliza kama ningeendesha polepole zaidi. Sote wawili tulilia, halafu akaniambia ninywe uji usije ukapoa.

Alifanya kazi siku mbili. Aliweka kando masanduku ya ng'ambo, akakata mapipa ya mafuta, akatengeneza masanduku membamba yasiyozidi usukani hata kwa kidole. Sanduku lingine la chanjo alilileta mbele, nyuma ya mgongo wa dereva, ndani ya fremu ya chuma, akalizungushia sponji aliyokata kwenye godoro la kitanda chake mwenyewe. Vifaa vizito alivishusha chini, karibu na injini. Juu ya kifuniko alifunga kipimajoto cha mviringo alichokitoa kwenye friji iliyokufa, ili dereva ajue hali ya baridi bila kufungua. Akaweka mayai thelathini, akazunguka njia ya mawe, akarudi na mayai thelathini.

Hapakuwa na dereva. Mimi nilikuwa kitandani, wenzangu wawili walikuwa wamekwama Masisi. Mama Victoire akavaa koti langu la mvua, akaondoka mwenyewe. Alikuwa na miaka arobaini na sita.

Alipopita Kibati alikuta kamba barabarani na watu wenye silaha. Mkuu wao, aliyevaa kofia ya sufu, alitaka kila kitu kifunguliwe. Kisa hiki tulikipata kwa muuza mkaa aliyekuwa amezuiliwa pale pale, maana Mama Victoire mwenyewe alisema tu kwamba "kulikuwa maswali kidogo."

"Ya kuume na ya kushoto nafungua, chef," Mama Victoire alisema. "Ya katikati, apana."

"Juu ya nini?"

"Ni dawa ya batoto. Baridi ikitoka, dawa inakufa."

"Batu bote banasemaka vile. Fungua."

Mama Victoire akamwonyesha kile kipimajoto. "Soma mwenyewe, chef. Mushale uko wapi?"

Yule mkuu akainama, akaukuta mshale kwenye nyuzi nne. "Ku ine."

"Ku ine. Ni mimi nilifunga iyo kitu juu ya kifuniko. Sasa uniambie, ulisha ona mutu anapima bunduki homa?"

Vijana wake wakaanza kucheka, na yeye mwenyewe akashindwa kujizuia. Aliweka kiganja kwenye kifuniko, akakiacha hapo kidogo, kisha akaamuru kamba ishushwe. Muuza mkaa anasema hata yeye alipita siku ile kwa sababu ya kicheko hicho.

Alifika Kalengera saa nane. Bénita alichukua kichupa cha kwanza, akakigeuza kutazama ile alama ya lebo inayobadilika rangi dawa ikipata joto. Haikuwa imebadilika. Siku hiyo na iliyofuata walichanja watoto mia mbili na themanini na sita, Bénita akidunga sindano, Mama Victoire akishika miguu ya wanaopiga mateke. Mpaka mwisho wa mwaka Bénita hakuandika kifo kingine cha surua.

Ila mtoto wa pili alikuwa amefariki siku moja kabla, kati ya kuanguka kwangu na kufika kwake. Mama Victoire aliuliza jina lake: Louise, miezi kumi na minne. Alikwenda kuwaona wazazi. Ndiyo sababu hajawahi kukubali safari ile iitwe ushindi, na ndiyo sababu nimeandika jina hilo hapa.

Alirudi Mapendo na masanduku yamejaa kabichi, na kuku mmoja hai amefungwa juu ya taa. Papa Ferdinand alitukusanya sote uani, akasema mbele ya kila mtu kwamba aliyekosea ni yeye. Tangu siku ile tuna kanuni ambayo hakuna mkurugenzi aliyeigusa: pikipiki haitoki bila saini ya karakana. Katika mafanikio yote ya Mama Victoire, mimi naliweka hili mbele. Tangu hapo tumebeba chanjo, damu, vifaa vya uzazi, na mara moja mashine ya kupimia moyo. Yapo tuliyochelewesha. Hakuna tulichokiangusha.

Tusimalize bila kutaja walau kazi moja iliyomshinda. Mwaka 2013 alifunga vioo vya upepo alivyokata mwenyewe kutoka plastiki ngumu, na pikipiki zikaanza kupiga mluzi mkali kila zilipozidi mwendo fulani. Aliinamisha vioo, akatoboa vitundu, akaweka mpira. Mluzi ulizidi. Tulicheka mwezi mzima. Halafu Bénita akatuma habari: akina mama wa vijijini wakisikia mluzi wanajua chanjo inakuja, wanawaosha watoto na kutoka barabarani wenyewe. Mama Victoire aliposikia hivyo alikunja uso kwa heshima, akatangaza kwamba alikuwa amekusudia tangu mwanzo. Hakuna aliyemwamini, na vioo havijaguswa tena.

Amefundisha mafundi kumi na mmoja. Anayeshika nafasi yake ni Patricia, aliyejifunza kwake kwa miaka tisa na aliyerudishiwa portebagaji yake ya kwanza mara saba. Patricia anasema mara ya saba alitaka kuacha kazi. Mara ya nane Mama Victoire aliigeuza ile portebagaji juu chini, akapitisha kidole kwenye kila kiungo, kisha akaichukua, akaondoka nayo. Patricia alikaa akisubiri kosa litajwe. Mchana akaiona imekwisha kufungwa kwenye pikipiki, imepakiwa, inatoka langoni kwenda Masisi.

Mwezi huu tulimuuliza anataka zawadi gani. Aliomba apewe Jumamosi moja ya kutumia karakana kwa kazi yake binafsi. Hatukuelewa, mpaka tulipomwona anasukuma ndani pikipiki yake ya zamani, akifuatwa na mume wake, Papa Donat, mwalimu mstaafu wa hesabu, mtu mrefu mwenye mgongo unaomsumbua. Kumbe kwa miaka yote hiyo Papa Donat alikuwa na shtaka lake: kwamba mke wake anawapangia dawa na mayai malazi mema, lakini yeye anabebwa juu ya chuma kitupu.

Kwa hiyo Jumamosi ile Mama Victoire alimpima mumewe kwa utepe, mgongo, mapaja na miguu, huku mzee akilalamika kwamba anapimwa kama gunia. Akamfungia kiti kipana chenye sponji nene, egemeo la mgongo, mahali pa kuweka miguu palipoinuliwa, na vishikio viwili vya pembeni vilivyozungushiwa ngozi. Saa kumi kazi ikaisha. Papa Donat alipanda taratibu, akaegemea, akajisogeza kushoto na kulia, na sisi tukamzunguka tukisubiri hukumu.

"Haya, mama," alisema mwishowe. "Twende."

"Wapi?"

"Popote. Leo mimi niko muzigo."

Wakatoka langoni, wakapinda kuelekea ziwani, na tukawaona wakicheka mpaka walipopotea kati ya watu.

Mama Victoire, Afya Milimani inakushukuru. Wanakushukuru wauguzi uliowafikishia, madereva uliowarudisha nyumbani wazima, na mtulinga wangu. Upumzike vizuri, na Mungu akupe wewe na Papa Donat barabara kavu, siku nyingi na safari zisizo na haraka.

Élisée, kwa niaba ya wafanyakazi wote
Mapendo, Goma